Filimbi Mbili kwa Pumzi Moja

…na hapo ndipo inaponikatikia, palepale, kila mara palepale, vidole vinafika salama lakini pumzi imeisha, vidole vinaendelea kurukaruka kama kuku aliyekatwa kichwa na filimbi haitoi kitu ila upepo, fyuu, upepo mtupu, na wao huko sebuleni wamesikia, ukuta wenyewe wa tofali moja, upande huu haujapigwa hata lipu, wamesikia kila kitu, mjomba Leonard anakohoa kile kikohozi chake cha kusema jambo bila kulisema, kisha anaita, "Winfrida, tayari?" na mimi najibu, "Bado kidogo, mjomba," kwa sauti ya msichana mtiifu, sauti ambayo sina tena, niliiacha Nyandira kule mlimani pamoja na sketi za shule, bado kidogo, tangu walipoketi ni bado kidogo, chai imepoa, mama amekataa mkate, na mimi nimejifungia chumbani kwangu mwenyewe kama mwali, nimesimama kati ya kitanda na kabati, jasho linateremka mgongoni, Bigwa hii na joto lake, mlima uko hapo nyuma ya nyumba umejaa mawingu na baridi lakini majirani hatugawiwi hata kidogo… tena, kuanzia mwanzo, hapana, si mwanzo, Sista Yuliana alisema usirudie mwanzo, mwanzo unaujua, rudia mahali panapokushinda, polepole, mpaka pachoke kukushinda, lakini Sista alikuwa ananifundisha nyimbo za kwaya, nyimbo zilizoandikwa na watu waliokumbuka kwamba mpigaji naye ana mapafu, wakamwekea alama ya kupumulia, huu wetu haukuandikwa na mtu na hauna mahali pa kupumulia kwa sababu haukuhitaji, ni wimbo wa watu wawili, filimbi ndogo inauliza, kubwa inajibu, ndogo ikiuliza mwenye kubwa anavuta pumzi, kubwa ikijibu mwenye ndogo anavuta, basi, kwa ukoo wa mama zetu ndivyo unavyopigwa siku ya kuanua tanga, mbio, kwa kasi ya mtu anayekimbia mteremko, ili msiba uondoke usipate nafasi ya kugeuka nyuma, ndogo yangu, kubwa ya kaka Dominiko, zote za mwanzi, na sasa kaka Dominiko yuko chini ya udongo pembeni ya bustani ya karoti, na mimi nataka niulize na nijibu mwenyewe, kwa filimbi moja ya chuma, ile ya kwaya inayofikia sauti zote mbili, kwa kifua kimoja.

Nilijitakia. Hakuna aliyenilazimisha, ni mdomo wangu, mjomba alipiga simu akasema, "Mpwa wangu, Jumamosi tunaanua tanga la kaka yako, jina lake tumempa Wilfred alirithi, na ile filimbi yake kubwa ni ya Wilfred, uje nayo," akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza mbegu za kabichi, na mimi nikasikia mtu akisema hapana, na huyo mtu ni mimi, "Hapana mjomba, asipewe mtu, sehemu zote mbili nitapiga mimi," na mjomba akaita haloo, haloo, kama vile mtandao umekata, kule kwetu mtandao nao unapanda na kushuka na mawingu, kisha akauliza, "Peke yako?" peke yangu, "Kwa kasi yake?" kwa kasi yake, "Haya, tutashuka tukusikie, ukiweza, filimbi ibaki kwako na jina lipumzike, usipoweza, usije ukanililia," na mjomba Leonard akishasema amesema, ukoo mzima unamjua, aliwahi kumnyima mbunge kiti kwa sababu alichelewa kikao, kwa hiyo leo wameshuka, yeye na mama na… na huyo. Huyo Wilfred. Mtoto wa mama mdogo, tombo moja kama tusemavyo kwetu, ukoo wa titi moja, kwa hiyo ukiniuliza mbele za watu nitakwambia ni ndugu yangu, mdogo wangu kabisa, na ukiniuliza humu chumbani nitakwambia ninamchukia, ndiyo, ninamchukia, Mungu ananisikia na Bikira Maria huyo hapo ukutani ananisikia, kwa sababu pikipiki ilikuwa na watu wawili na magunia ya karoti, kona ile ya chini ya Nyandira, tope, na aliyekuwa anaendesha akaamka na mguu mbovu na aliyekuwa nyuma hakuamka, na sasa aliyeamka apewe na jina pia? Asubuhi amesimama pale mlangoni, kofia mkononi, hakuthubutu kukanyaga kizingiti mpaka mama alipomsukuma, "Shikamoo dada," na mimi marahaba, marahaba ya kumtupia, na nikawaza, furahi nayo Wilfred, maana Jumamosi ikipita mambo yatageuka, ukishapewa jina wewe ndiye Dominiko, wewe ndiye mkubwa wangu, mama atakuita Domi, na mimi niliyekufuta kamasi nitasimama mbele yako na kusema shikamoo kaka… shikamoo kaka! Neno hilo nilikuwa namwambia mtu mmoja tu duniani, tena kwa kumtania, "Shikamoo kaka, shikamoo mzee wa karoti," naye anakunja uso kama padri na kujibu marahaba mjukuu wangu, tunacheka mpaka mama anatoka jikoni na mwiko… siwezi, siwezi kulisema kwa huyo, ulimi utakauka, afadhali nife kwa kukosa pumzi humu ndani.

Haya. Polepole. Swali la kwanza, jibu la kwanza, hapo nafuu, swali la pili linapanda, ta-ri-ri-ta, jibu linashuka, kidole kidogo usikinyanyue juu hivyo Winfrida, ukikipeleka mbali kitachelewa kurudi, Sista alikuwa anavipiga na kalamu, sasa haraka zaidi, swali la tatu na jibu lake vimeingiliana kama nyuzi za mkeka, hapa ndipo, kubwa inaanza kujibu kabla ndogo haijamaliza kuuliza, Dominiko hakuwa na subira, alikuwa ananidaka mdomoni, "Wewe unauliza sana, jibu ninalo," na mimi nakasirika nauliza kwa kasi zaidi na yeye anajibu kwa kasi zaidi, tumekaa juu ya tuta la kabichi, ukungu umefunika bonde lote hatuoni hata paa la kanisa, ila sauti zinakimbizana mle ndani ya ukungu na mtu wa ng'ambo anapiga kelele, "Nyie watoto, mtapasuka!" na hatukupasuka, tulikuwa tunapumua kwa zamu… haraka, haraka zaidi, pua, nivute kwa pua wakati vidole vinabadilika, kidogo tu, kama mtu anayeiba sukari, hapa, na hapa, nimekosa, tena, nimekosa, midomo inauma, mate yamejaa ndani ya chuma, nipanguse, tena… na hapohapo msikiti wa bondeni unakohoa kwenye kipaza sauti na adhana ya alasiri inaanza, nateremsha filimbi. Hata kama nyumba ingekuwa inaungua ningeteremsha, jirani yangu Mwanahawa hajawahi kupika kitu cha kunukia Ijumaa Kuu na mimi sijawahi kupiga juu ya adhana, ndivyo tunavyoishi mtaa huu, lakini leo, jamani, leo kimya hiki sikitaki, nilikuwa nimeanza kupata joto la vidole, na katikati ya kimya hiki ukuta unazungumza.

Mama anasema, "Wilfred, ongeza chai," na yeye, "Imetosha, mama mkubwa," "Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni," "Nimeshiba tu," nimeshiba tu, mwongo, anaogopa kula kwangu, na afanye hivyo, ingawa ni yeye… sitaki kulifikiria hili… ni yeye anayembebea mama mboga kila siku ya gulio tangu msiba, anaziweka mlangoni na kuondoka bila kuingia, mama aliniambia kwa simu, nikamwambia mama mtandao mbaya sikusikii… muadhini anavuta sauti, sauti ndefu, huyu naye ana kifua, anapumua saa ngapi, ah, ananyamaza katikati, anaacha nafasi, anaanza tena, hakuna anayemdai kwamba asinyamaze… na mjomba sasa, taratibu, "Wewe mwenyewe unasemaje? Jina hulitaki?" na Wilfred, "Mjomba, kama dada anaweza, mwachieni dada," sikia, ananionea huruma, nani kamwomba, na mjomba, "Nimekuuliza wewe, sijakuuliza dada yako," kijiko kinazungushwa kwenye kikombe ambacho hakina cha kukoroga, halafu sauti ya Wilfred, ndogo, sauti ya adhana inaifunika na kuifunua, "…si kwamba silitaki, mjomba. Ile filimbi naiogopa. Siku ile alikuwa anaipiga," na mama, "Siku gani?" na Wilfred, "Siku ileile. Nyuma yangu. Alibanwa na magunia, akasema huku nyuma hapahitaji kushika kitu, akaitoa, akaanza kupiga kubwa, mimi nikawa napiga mluzi sehemu ya dada, tunacheka, tumeenda hivyo toka kanisani. Nikauliza swali moja hivi, lile la tatu… nikawa nasubiri anijibu. Pikipiki ishalala, mimi nipo chini, bado nasubiri anijibu." Adhana imekwisha sijui saa ngapi. Wilfred hakuniambia. Hakutuambia, pale msibani alisema tope, kila aliyemuuliza alimwambia tope, na mimi sikumuuliza, mimi nilimpa mgongo mbele ya watu wote na watu wakaona, hata watani waliokuwa wanacheza na jeneza waliacha utani wao… swali la tatu. Palepale. Na yeye linamkatikia palepale. Hapana, usilegee Winfrida, usilegee sasa, huruma ni kitu kingine na filimbi ni kitu kingine, mtu anaweza kulia na bado ukamnyima, nipige, adhana imekwisha, hakuna kisingizio, nipige sasa hivi wakati nina hasira, hasira nayo ni pumzi.

Navuta mpaka mbavu ziume, naanza, na vidole havinisubiri, vinakwenda, swali, jibu, swali, jibu, naiba kwa pua, naiba tena, la tatu linakuja, linakuja, silikimbii, naingia nalo, vidole viko chini karibu na chuma kama Sista anavyotaka, naipunguza kubwa kidogo, mkia tu, nakata mkia wa jibu napata upenyo wa kuvuta, nakata mwingine, napata, nimepita! nimepita kona, la nne, la tano, mteremko wote mpaka chini, sauti ya mwisho naishikilia mpaka kioo cha kabati kinatetema, na kuna pumzi imebaki, Mungu wangu, imebaki, nimesimama kama mtu aliyebebeshwa gunia akatuliwa, nimeweza. Kwa kasi yake. Peke yangu. Sasa nifungue mlango, nitoke, nipige vilevile mbele yao, na mjomba atafunga mdomo wake na kwisha, hakuna Dominiko mwingine, shikamoo yangu inabaki ilipozikwa… na huko sebuleni mjomba anasema, "Mh," mh ya mtu aliyeshindwa shindano na anajua, naiona mpaka nyusi zake, na Wilfred anasema, "Ameweza," na simsikii akihuzunika, nasikia mtu aliyetuliwa mzigo naye, ameweza, anasema tena, na baada ya hapo mama. Mama hakuongea na mtu. Mama amesema kama anavyosema akitafuta kitu kwenye khanga yake, "Mbona Domi simsikii?"

Nini? Nimepiga zote, mama. Sijaruka kitu, kila jibu lipo, nihesabie, la kwanza lipo, la pili lipo, la tatu… la tatu nimelikata mkia. Na la nne. Yote nimeyakata mkia, hapo ndipo nilipopata pa kupumulia, na Dominiko alikuwa anaukokota ule mkia, alikuwa anauburuta makusudi ili nichelewe, ili nikasirike, mle kwenye mkia ndimo alimokuwa anachekea, ungeweza kusikia kicheko kikiingia ndani ya mwanzi na sauti inatikisika… nimempunguza yeye ili nipumue mimi. Nimemkata vipande vinavyonienea. Huyu niliyempiga si Dominiko, ni mimi najijibu harakaharaka kama mwendawazimu wa stendi, na mama kwa masikio yake mabovu, nyuma ya ukuta, amejua kabla yangu… nakaa kitandani. Chuma kinateleza mkononi, nakilaza juu ya shuka, na pale kwenye mto kuna khanga, na ndani ya khanga kuna ile kubwa, nimeitoa kabatini tangu asubuhi, sijui kwa nini, labda nilitaka inisikie. Nafungua. Nyepesi. Ilikuwa na uzito wa kitu kibichi na sasa ni nyepesi kama mfupa wa ndege, na mwanzi wa mlimani hauwekwi hivi, najua, nilizaliwa najua, unautilia maji ndani, unayazungusha, unayamwaga, halafu unaupuliza, kila juma, la sivyo joto la huku chini linaula, yangu ndogo naitilia, hii sijaitilia tone tangu waliponikabidhi pale msibani ikiwa na vipande vya majani ya porini, kwa sababu mtu wa mwisho kuweka mdomo hapa ni yeye, na mate yake yamo humu, na pumzi yake imo humu, na maji yangemtoa, ndiyo, nilikuwa naogopa kumtoa kwa maji, mtu mzima, mwanakwaya, nikaifunga kwenye khanga na kuiweka kati ya mashuka ili asitoke… na hii nini? Kidole kimeigusa kabla ya jicho. Ufa. Mwembamba kama unywele, unaanzia mdomoni na unashuka kuelekea tundu la kwanza, haujafika, umebakiza upana wa kucha. Nimeuleta mimi ufa huu. Kule mlimani ingekuwa inalia kila Jumapili mikononi mwa mtu yeyote, hata kwa mluzi wa kubahatisha, na isingepasuka, na mimi kwa kupenda nimeikausha. Samahani kaka. Samahani. Ulikuwa unajibu na mimi nikakufungia kabatini.

Na bado hasira ipo, nisidanganye, haijaondoka, nikimwaza yule mtu na kofia yake bado naisikia, lakini naliona lile swali la tatu limesimama pale kwenye kona, kwenye tope, linasubiri, na wanaolisubiria jibu ni wawili, mmoja humu chumbani na mmoja kule sebuleni, na hakuna kati yetu anayeweza kulijibu peke yake, mimi kifua kinaniishia na yeye anaogopa hata kuigusa… je, ataweza? Mluzi wake mzuri, huo najua, tangu mtoto alikuwa anawapigia mbuzi, vidole vyake vigumu vya kushika usukani, itabidi nimwoneshe, itabidi nikae naye kwenye lile tuta na nimpige vidole na kalamu, na kutoka leo mpaka Jumamosi si mbali, atakosea, atakosea sana, atakuwa anajibu amechelewa na mimi nitakuwa nakasirika, na mama atakuwa amesimama kwenye mlango wa jiko… ukitia maji leo, mwanzi unavimba, ufa unajifunga wenyewe, ule mdogo unajifunga, mkubwa haujifungi. Huu ni mdogo. Bado ni mdogo. Maji ndiyo sina humu ndani, na miguu yangu haijawa tayari kufungua huo mlango.

"Winfrida," anaita mjomba, safari hii taratibu, "tayari?"

"Bado kidogo, mjomba," na sauti si ya yule msichana, ni yangu hii, imekwaruza, namezea mate, naishika kubwa kwa mikono miwili, na kabla ulimi haujapata muda wa kukauka nalisema, si kwa sauti kubwa, lakini ukuta ni wa tofali moja, "Kaka… niletee maji kidogo, kwenye kikombe. Ya kutilia filimbi."

Kijiko kinalazwa kwenye sahani, labda Wilfred hajajua ni nani anayeitwa, na kweli nasikia ananong'ona, "Ananiita mimi?" na mama, ambaye sauti yake inatoka kama imepita kwenye kitambaa, anasema, "Anakuita wewe, Domi, nenda," kisha kiti kinasogea, na ule mguu unaoburuta unaelekea jikoni.